Imepanda kwa, au Imepanda hadi? Kueleza Mabadiliko kwa Kiingereza

Nesi mmoja ninayemfundisha Kiingereza jioni hapa Tanga alikuja darasani na karatasi aliyoikunja mara nne. Ilikuwa ripoti ya robo mwaka ya mradi wa afya ya mama na mtoto. Aliiandika mwenyewe, na wafadhili walikuwa wameirudisha na mstari mwekundu chini ya sentensi moja: "Home deliveries decreased two times." Pembeni waliuliza kwa upole ni lini na lini. Hakulielewa swali.

"Mwalimu, mbona nimeandika ukweli? Waliojifungulia nyumbani walikuwa 40, sasa ni 20. Si wamepungua mara mbili?"

Kwa Kiswahili hakuna ambaye angemrudishia karatasi. Kwa Kiingereza alikuwa amesema kwamba idadi ilishuka katika nyakati mbili tofauti, labda Januari na tena Machi, bila kutaja ilishuka kwa kiasi gani. Neno alilolihitaji ni fupi: "halved". "Home deliveries halved, from 40 to 20." Miezi mitatu ya kutembea nyumba kwa nyumba, kukaa mkekani na akina mama na wakwe zao, ilikuwa imefichwa na maneno mawili, na waliopaswa kuiona kazi hiyo hawakuiona.

Ninaandika makala haya kwa ajili yake na kwa wengi wenye shida kama yake: mhasibu wa chama cha ushirika, afisa wa mradi, kijana anayeomba ufadhili wa masomo, mtahiniwa wa mtihani wa Kiingereza wa IELTS aliyewekewa grafu mbele yake. Wengi wakinijia huwa na ombi moja: "Mwalimu, nipe maneno mazito." Wanataka "skyrocket", wanataka "plummet", wanataka "exponentially". Hayo nitayafikia, ila si kwanza. Kinachowaangusha ni vineno vidogo, "by", "to", "in", "of", "has", na chanzo chake kimo ndani ya Kiswahili chetu.

Kitenzi cha Kiswahili hujibebea mzigo wake chenyewe. Ukisikia "bei imepanda" na "bei imepandishwa", unajua mara moja kwamba katika ile ya pili kuna mkono wa mtu. Kuongezeka na kuongeza, kupungua na kupunguza, kubadilika na kubadilisha: tofauti yote iko mkiani. Vitenzi vingi vya Kiingereza havina mkia huo. "Increase" ni kuongezeka na pia ni kuongeza. "Change" na "improve" ni hivyo hivyo. Hapo huna la kuhofia.

La kuhofia ni jozi ya "rise" na "raise". "Rise" ni kupanda kwenyewe, kama jua, kama maji ya mto, kama bei ya sukari kabla ya Ramadhani. Nyakati zake ni "rose" na "risen". "Raise" ni kupandisha, nayo hudai kuwepo aliyepandisha. Nyakati zake ni "raised" na "raised". Kosa ninaloliona kila muhula ni "The price was risen". Mwandishi anahisi "imepanda" ni hali, kama "imefungwa", naye anatafuta "was" ya kuibeba. Andika "The price rose". Kama kuna mamlaka au mwenye duka aliyehusika, andika "The price was raised". Upande wa kushuka, "fall" hushuka yenyewe, na ukitaka kushusha tumia "cut", "lower" au "reduce". Angalia pia "fell", ambayo ndiyo ilishuka, isigeuke "felt", ambayo ni ilihisi. Nimeshasoma uzalishaji uliohisi mwaka mzima.

Hiyo "reduce" inahitaji neno la ziada, kwa sababu Afrika Mashariki tumeizoea vibaya. Tunasema "Malaria cases have reduced", na sote tunaelewana. Msomaji wa Uingereza ataona sentensi imekatika: kuna aliyepunguza, lakini kitu kilichopunguzwa hakionekani. Ugonjwa ukipungua wenyewe, sema "have fallen", "have dropped" au "have decreased". Klabu ya vijana ikigawa vyandarua na kuupunguza, hapo "reduce" ipo nyumbani kwake: "The nets reduced malaria cases."

Mantiki hii hii inatawala habari za fedha. Shilingi ikishuka thamani sokoni, "it has depreciated", au kwa lugha nyepesi "it has weakened". Serikali ikiishusha kwa uamuzi wake, kama Tanzania ilivyofanya mwaka 1986, "the government devalued the shilling". Kuandika "devalued" mahali pa "depreciated" ni kuitwisha serikali tendo ambalo huenda halikutoka kwake.

Sasa tufike kwenye "kwa" na "hadi", maana hapa ndipo watu wanapopoteza mambo makubwa. Sisi wa Tanga tuna mfano wetu wenyewe. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kamba za nailoni na plastiki zikaingia sokoni, mashamba yakataifishwa, mitambo ikachakaa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa takriban tani 20,000. Kwa Kiingereza: "Sisal production fell from over 200,000 tonnes in the mid-1960s to about 20,000 tonnes in the late 1990s." Au ukipenda: "It fell by about 90 per cent." Katika mwendo huo "from" ni ilikotoka, "to" ni ilikofika, na "by" ni urefu wa safari yenyewe.

Mtu akiteleza akaandika "fell to 90 per cent", amesema kwamba zimebaki sehemu tisa kati ya kumi. Kuanguka kote kwa zao lililoujenga mkoa huu kumefutika. Hakuna msahihishaji atakayeligundua, kwa sababu sentensi ni safi kisarufi, imenyooka, na inadanganya. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu kwamba wakiwa na dakika moja tu ya kupitia kazi, waitumie kwenye "by" na "to".

"Kwa" ina balaa la pili. Katika Kiswahili ni ya kila kazi: kwa kisu, kwa miguu, kwa shangazi, kwa asilimia kumi. Mwanafunzi akikijia Kiingereza huishika ile ya kisu na kuandika "increased with 10 per cent". Siku zote ni "by".

Ukiacha kitenzi ukashika nomino, "ongezeko" linakuwekea mtego mwingine. Sisi tunasema "ongezeko la watu" na "ongezeko la milioni tisa", "la" ile ile. Kiingereza kinazitenganisha. Kitu kilichoongezeka huchukua "in", na kiasi huchukua "of": "an increase in population", "an increase of nine million". Ukiviweka pamoja: "a rise of nine million in the population". "Fall", "drop" na "decline" hufuata njia hiyo hiyo. Nikisahihisha madaftari ya wiki nzima, kosa hili la "in" na "of" ndilo hujaza kalamu yangu nyekundu kuliko lolote.

Turudi kwenye "mara", iliyomtesa nesi wetu. Kuongezeka mara mbili ni "double", mara tatu ni "triple", na kuanzia hapo unaweza kutumia "fold". Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3, na ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 61.7. Hiyo ni mara tano: "The population has grown fivefold since 1967." Epuka "five times more", kwa sababu Waingereza wenyewe hubishana kama maana yake ni mara tano au mara sita, nawe huna haja ya kuingia katika ubishi wao. Na uwe macho na asilimia zinazovuka mia. Kuongezeka "by 100 per cent" ni mara mbili. "By 200 per cent" ni mara tatu, wala si mbili. Kupungua nako usikuhesabu kwa mara. Kitu kilichopungua mara mbili "halved". Kilichopungua mara tatu "fell to a third", au "fell by two thirds". Nesi wetu sasa ameliandika hilo kwa bolpeni ndani ya jalada la daftari lake la kliniki.

Kuna kosa moja ambalo hata magazeti yetu hulifanya kwa Kiswahili, kwa hiyo huvuka mpaka pamoja nasi. Umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulikuwa asilimia 28.2 katika utafiti wa mwaka 2011/12, ukawa asilimia 26.4 katika ule wa 2017/18. Utasoma kwamba umepungua kwa asilimia 1.8. Sivyo. Umepungua kwa pointi 1.8 za asilimia, "by 1.8 percentage points". Ukitaka kusema kwa asilimia, unauliza 1.8 ni sehemu gani ya 28.2, na jibu ni takriban asilimia 6. Sentensi zote mbili ni za kweli, lakini zinapiga sikio tofauti kabisa, na mwandishi mwaminifu humwambia msomaji ni ipi anayoitumia.

Tofauti nyingine inayochanganya ni ya kiwango na kasi. Chukua Kenya. Sensa ya 2009 ilihesabu watu milioni 38.6, na ya 2019 milioni 47.6. Wakati huo huo kasi ya ongezeko kwa mwaka ilishuka, kutoka takriban asilimia 3 hadi asilimia 2.2. Nilipowawekea wanafunzi grafu ya kasi hiyo, nusu ya darasa waliandika "The population of Kenya decreased". Wakenya milioni tisa walioongezeka wakapotezwa na mstari unaoteremka. Kilichopungua ni mwendo: "Population growth slowed." Gari likipunguza mwendo kutoka 80 hadi 50 bado linaenda mbele. Kabla hujaandika neno lolote, soma maandishi yaliyo pembeni mwa grafu, yale yanayosema inapima nini. Mstari ukilala kabisa baada ya kupanda, "it levelled off". Ukiwa juu kuliko kote, "it peaked at", halafu taja tarakimu. Ukiyumba juu na chini, "it fluctuated". Na "steady" ina sura mbili: "prices remained steady" ni kwamba hazikubadilika, ilhali "prices rose steadily" ni kwamba zilipanda kwa mwendo ulio sawa.

Nyakati za kitenzi zinastahili subira. "-Me-" yetu ni pana. Tunasema "barafu ya Kilimanjaro imepungua", na pia twaweza kusema "mwaka juzi imepungua sana" bila mtu kushtuka. "Has" ya Kiingereza haikubali kukaa na tarehe iliyokwisha. "The ice has shrunk in 1912" haiwezekani. Ukitaja mwaka uliopita, kitenzi kiwe cha "-li-": "In 1912 the ice covered about 12 square kilometres." Ukiutazama mlima kutoka leo, "The ice has shrunk since 1912." Na ukisimama kwenye mwaka wa katikati na kutazama nyuma, "By 2007 it had shrunk to less than two square kilometres." Hiyo "had" ndiyo "ilikuwa imepungua" yetu. Shika hizo sentensi tatu za mlima mmoja, maana karibu kila ripoti ya mabadiliko huzihitaji zote tatu. "Tangu" nayo hugawanyika: "since" hufuatwa na mahali mambo yalipoanzia, "since 1912", na "for" hufuatwa na urefu wa muda, "for ten years". "Since ten years" ni "tangu miaka kumi" iliyovalishwa koti.

Kisha kuna "bado" na "tena", maneno mawili madogo ninayoyapenda kwa jinsi yanavyoeleza mabadiliko bila kelele. Ukiulizwa kwa Kiswahili kama umeshakula, ukijibu "bado" umemaliza. Kwa Kiingereza jibu ni "not yet". Ukijibu "still", mwenzako atadhani ungali unakula. Hali inayoendelea ndiyo "still": "The clinic still uses paper files." Nayo "tena", ikiwa na ukanushi, haiwi "again". "Hatutumii tena mafaili ya karatasi" ni "We no longer use paper files." Ukiandika "We do not use paper files again", umesema kitu cha kurudiarudia ambacho hukukikusudia. Kwa mazoea yaliyokwisha kuna "used to": "We used to write everything by hand", tulikuwa tukiandika kila kitu kwa mkono. Usiichanganye na "We are used to writing by hand", ambayo ni tumezoea. Moja inasema mambo yamebadilika, nyingine inasema hayajabadilika.

Jikoni nako kuna somo. Kiswahili hutumia "kuwa" kwa mabadiliko mengi, au hutumia kitenzi maalumu: amekuwa kipofu, maharage yamechacha, mkate umeota ukungu, anga limekuwa jekundu. Mwanafunzi hujaza "become" kila mahali, naye hakosei sana, ataeleweka. Ila Kiingereza cha watu wanaoishi ndani yake hubagua. Mambo yakiharibika hupenda "go": "the beans have gone off", "the bread has gone mouldy", "he went blind", "the firm went bankrupt". Rangi hupenda "turn" au "go": "the sky turned red". Yanayokuja polepole kwa umri hupenda "grow": "she grew old". Na ndoto ikitimia, "it comes true". Hakuna kanuni inayoyafunga yote hayo. Yasome, yasikilize, yaandike kwa jozi kama unavyokariri methali.

Katika IELTS ya kitaaluma wakati mwingine mtahiniwa huletewa ramani badala ya grafu: mji zamani na mji sasa. Hapa watu huchoka na "was changed". Fikiria Dar es Salaam unayoijua. Barabara ya Morogoro kipande cha Kimara hadi Kibaha ilipanuliwa: "The road was widened." Barabara ikiongezwa urefu ifike mbali zaidi, "it was extended". Mji wenyewe ukitanuka pande zote, "the city expanded". Wanafunzi huandika "expanded" kwa zote tatu kwa sababu "kupanua" yetu inatosha kwa mbili. Jengo likibadilishwa kazi, ghala likawa maktaba, "the warehouse was converted into a library". Likibomolewa kupisha kingine, "it was demolished to make way for a bus station". Kwenye "replace" shika upande: kipya ndicho kinachofanya tendo, "Flats replaced the old houses", na ukigeuza, "The old houses were replaced by flats".

Sasa yale maneno mazito niliyoahidi. "Soar" na "rocket" ni kupaa; "plunge" na "plummet" ni kuporomoka. Yana picha ya kasi ndani yake, kwa hiyo "plummeted slightly" inajipinga yenyewe, na bidhaa iliyoshuka polepole kwa miaka thelathini haiku-"plummet", ili-"decline" au ili-"dwindle". Yatumie mstari unaposimama wima kama ukuta, mara moja katika maandishi yote. Vielezi vinatosha kwa yaliyobaki: "slightly" kidogo, "gradually" polepole, "sharply" ghafla na kwa nguvu. "Drastically", inayopendwa sana na magazeti yetu, inafaa zaidi kwa hatua kali zilizochukuliwa na mtu kuliko kwa mvua au bei. "Exponentially" iachie hesabu, kwa kitu kinachoongezeka kwa uwiano ule ule kila kipindi.

Kwa mtahiniwa: kazi ya grafu hupewa takriban dakika 20 kati ya 60 za sehemu ya kuandika, na hutakiwa maneno yasiyopungua 150. Hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa, na msamiati ni kimoja tu. Sarufi ina fungu lake, na usahihi wa unachokiripoti una lake. Kwa hiyo tumia dakika mbili za mwanzo kutafuta mabadiliko makubwa mawili au matatu, yale ambayo mtu angeyaona akisimama mbali na karatasi, uyaseme katika sentensi moja au mbili. Usihesabu kila nukta. Dakika tatu za mwisho rudi ukitafuta vitu vinne tu: kila "by" na "to" ukizilinganisha na tarakimu, kila "in" na "of" baada ya nomino, kila "has" iliyokaa karibu na mwaka uliokwisha, na kila asilimia uliyoitoa kwenye asilimia nyingine. Ukiwa nyumbani, zoezi ni hilo hilo kwa risiti zako za umeme au za unga za miezi sita. Ziandike kwa mfuatano, chora mstari, kisha andika sentensi moja yenye "to", moja yenye "by", na moja yenye "since".